Roboti Isiyokauka

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia karakana ya mjomba wake kabla ya kurudi nyumbani. Chiriku halikuwa jina lake la daftarini. Alipewa jina hilo nyumbani akiwa na miaka miwili, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu siku hiyo hakuna aliyefanikiwa kumnyamazisha. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na mdomo wake bado haukuwa na breki.

Mjomba alikuwa fundi rangi wa magari. Karakana yake ilikuwa banda refu la mabati, lenye harufu kali ya thina ya kuyeyushia rangi na sakafu iliyojaa madoa ya kila rangi. Chiriku alimwamkia, akavaa shati kuukuu la mjomba lililomfika magotini, akaanza kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha brashi, na kubandika magazeti kwenye vioo vya gari ili visirukiwe na rangi. Gari hakuwahi kulipaka hata moja. Siku moja tu mjomba alimwachia brashi, akapaka upande wa ndani wa kifuniko cha tangi la mafuta, mahali ambapo hata mwenye gari hapatazami.

"Kitu usichokijua usikikurupukie, mpwa wangu," mjomba alikuwa akimwambia huku akipiga msasa. "Kioshe kwanza. Kipige msasa. Halafu weka tone moja la rangi pasipoonekana, ungoje mpaka kesho. Kesho ndiyo itakayokwambia."

Chiriku aliitikia, "Ndiyo, mjomba." Alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi mno, hata hakuyasikia tena.

Huko shuleni mambo yalikuwa mengine. Shuleni Chiriku alijipiga kifua. Kwa mujibu wa maelezo yake, yale magari mekundu na meupe yaliyopita mbele ya lango la shule yote yalikuwa yamepita mikononi mwake, na mjomba hathubutu kuchanganya rangi bila kumwuliza. Wenzake walijua kwamba anatia chumvi, lakini alisimulia vizuri, kwa hiyo walimwachia aendelee. Mmoja tu ndiye aliyeamini kila neno. Huyo alikuwa jirani yake na rafiki yake, msichana mpole waliyemwita Kimya.

Jumatatu moja wakati wa mapumziko, Kimya alimvuta kando, akafungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye taulo. Kilikuwa roboti ya plastiki laini, ile inayobonyea kidogo ukiiminya, yenye urefu wa shibiri moja na nusu. Zamani ilikuwa nyekundu. Sasa wekundu ulikuwa umepauka ukawa waridi, macho yamefutika, na kifuani mlikuwa na michirizi ya kalamu.

Chiriku aliijua roboti hiyo. Baba yake Kimya, dereva wa lori la masafa marefu, alimletea binti yake miaka mingi iliyopita, na kila aliposafiri Kimya aliiweka dirishani ikitazama barabara mpaka baba arudi.

"Baba anarudi Jumamosi," Kimya alisema. "Safari hii amekaa miezi minne. Nataka aikute mpya." Akatoa karatasi aliyoichora mwenyewe. Kwenye mchoro roboti ilikuwa ya bluu, kama lori la baba yake, na mstari mweupe kifuani. Mabegani ilikuwa na taa mbili za rangi ya machungwa, na mgongoni imebeba turubai lililokunjwa. "Unaweza?"

Hapo ndipo Chiriku alipopaswa kusema, ngoja nimwulize mjomba. Maneno hayo yalikuwepo, tena mafupi. Lakini Kimya alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kumwamini.

"Hiyo ndogo sana kwangu," Chiriku alisema. "Alhamisi njoo uione."

Jioni hiyo, mjomba alipokuwa nje akizungumza na mteja, Chiriku alipanda juu ya ndoo, akashusha kopo la rangi ya mafuta ya bluu iliyobaki baada ya kupaka geti la mtu, akajimiminia kwenye mkebe. Hakuomba. Alijiambia kwamba mabaki si mali ya mtu. Njia nzima mkebe ule mdogo ulikuwa mzito kuliko mkoba wa vitabu.

Nyumbani mama yake alikuwa mshonaji, na cherehani yake iliwekwa sebuleni karibu na mlango. Chiriku alipita uani, akajificha nyuma ya kamba ya nguo, akaanza kupaka. Hakuiosha roboti, maana ilionekana safi. Hakuipiga msasa, maana msasa unachosha mkono. Tone la majaribio hakulikumbuka kabisa. Rangi ilitiririka vizuri ajabu. Baada ya nusu saa roboti ilimeremeta kama gari jipya, na Chiriku aliizungusha mbele ya macho yake, akacheka peke yake kwa furaha. Labda kweli mimi ni fundi, aliwaza. Akaificha dirishani, nyuma ya pazia.

Jumanne asubuhi aliigusa kwa kidole, kidole kikanata. Akasema itakauka mchana. Mchana ikanata. Jumatano aliianika juani kwa saa nzima, na upepo ukaja na vumbi lake lote. Alijaribu kulipangusa vumbi kwa kitambaa alichookota chini ya cherehani, na nyuzi za kitambaa zikabaki kwenye rangi, hivi kwamba roboti ikawa imeota manyoya. Hapo akili zikamruka. Alichukua kopo la poda ya mama, akainyunyizia roboti kuanzia kichwani, akidhani poda itanyonya unyevu. Haikunyonya kitu. Ilishikamana na rangi, na roboti ikawa na sura ya mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga.

Angeweza bado kwenda kwa mjomba. Alifikiri kwenda. Lakini kwenda kwa mjomba kulimaanisha kusema habari za kopo, na habari za kopo zingeleta habari za kujipiga kifua, na Chiriku aliona haya hata kabla hajafungua mdomo. Akairudisha roboti nyuma ya pazia, akaomba tu Alhamisi ichelewe kufika.

Alhamisi ilifika kwa wakati wake.

"Hodi," Kimya alisema mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu," mama alijibu bila kusimamisha cherehani. "Chiriku, mgeni wako huyu hapa."

"Sikuja kuichukua," Kimya alisema. Alikuwa akitabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Nimekuja kuiona tu. Baba amepiga simu, amesema keshokutwa kabla ya saa sita atakuwa amefika."

"Basi ilete tuione sote," mama alisema, akageuka kwenye kiti.

Chiriku alikwenda chumbani kwa miguu mizito. Alirudi ameishika roboti kwa gazeti, akaiweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili. Tabasamu la Kimya lilibaki usoni kwa muda, halafu likaondoka polepole.

Wakati huohuo akaingia mdogo wake Chiriku. Alikuwa na miaka mitano, na nyumbani walimwita Bwana Mkubwa, kwa sababu ya tumbo lake la mbele na kwa sababu alipenda kutoa amri. Mikono yake haikutulia. Kila kitu kipya kilichoingia katika nyumba ile lazima akiguse, akinuse, na ikiwezekana akilambe.

"Nipeni niishike," aliamuru, akanyoosha mkono kuelekea mezani.

"Usiguse," mama alimkemea.

Chiriku aliutazama mkono ule mdogo ulionyooshwa, na uongo ukamjia wote mara moja, umekamilika, bila hata kuutafuta.

"Ni yeye," alisema. "Nilikuwa nimeimaliza, imependeza sana. Yeye akaishika kabla haijakauka, akaimwagia na poda."

Bwana Mkubwa alimtazama dada yake. "Mimi?" aliuliza. Kisha akaitazama mikono yake, ndani na nje, akitafuta.

Mama naye akaishika mikono ile akaichunguza. Haikuwa na doa hata moja. "Umenawa mikono leo?" aliuliza.

"Nimenawa," mtoto alijibu kwa fahari, kwa kuwa ni kweli alinawa kabla ya kula, tena kwa sabuni, kama anavyofundishwa kila siku.

Jibu hilo ndilo lililomhukumu. Mama alishusha pumzi. "Ameharibu, kisha amekwenda kunawa. Poda yangu nayo nilikuwa nikijiuliza imekwenda wapi. Haya, kesho hutapanda gari la mjomba. Na kesho hiyohiyo utakwenda na dada yako kwa kina Kimya ukaombe msamaha."

Wiki nzima Bwana Mkubwa alikuwa akilisubiri gari hilo. Mjomba alikuwa ameahidi kumpakia mbele kwenye pikapu iliyotoka kupakwa rangi, atakapoipeleka kwa mwenye gari. Mtoto aliangua kilio. Chiriku alisimama palepale. Roho ilimsuta, na mdomo wake usiokuwa na breki, siku hiyo ulikataa kufunguka.

Kimya hakulia. Afadhali angelia. Aligusa bega la roboti kwa ncha ya kidole, akakiangalia kidole chake, akasema, "Basi," akaaga, akaondoka.

Ijumaa asubuhi, kabla ya shule, mjomba alipita nyumbani kumchukua Bwana Mkubwa. Mama akamweleza yaliyotokea. Mjomba aliichukua roboti kutoka mezani, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuzageuza. Kwenye rangi ile isiyokauka alama za vidole zilikuwa zimejaa tele, tumboni, mgongoni, hata miguuni. Mjomba aliweka kidole gumba chake kando ya alama moja, akapima kwa macho.

"Bwana Mkubwa ana vidole virefu siku hizi," alisema.

Akairudisha mezani, akaaga, akaenda zake na pikapu. Mama alikuwa ameinama anatia uzi kwenye sindano, na hakulisikia neno hilo. Chiriku alilisikia. Siku nzima darasani hakunyoosha mkono hata mara moja, hata mwalimu akamwuliza kama anaumwa.

Alasiri walikwenda kwa kina Kimya, Chiriku na mdogo wake, wameshikana mikono. Bwana Mkubwa alikuwa amebeba kitu chini ya shati. Hakutaka kukionyesha.

Mama yake Kimya aliwafungulia, akamwita binti yake. Bwana Mkubwa alisimama wima katikati ya sebule, akasema kwa sauti ya mtoto anayesoma shairi alilokaririshwa, "Nisamehe kwa kuharibu roboti yako. Sitarudia tena." Halafu akaingiza mkono chini ya shati, akatoa gari lake dogo la bati. Lilikuwa na magurudumu matatu, na lilikuwa kitu pekee duniani ambacho hakumruhusu mtu mwingine kukigusa. Usiku alilala nalo. "Chukua hili," alisema. "La nne limepotea, lakini linakwenda."

Kimya alimrudishia mkononi. "Kaa nalo, Bwana Mkubwa," alisema. "Sina hasira na wewe."

"Hapana, chukua. Mimi nimeharibu yako."

Akaliweka mezani mwenyewe, akamshika dada yake mkono, wakatoka.

Chiriku alitembea ametazama chini. Alitamani mdogo wake alie, au amshtaki, au ampige teke. Bwana Mkubwa hakufanya lolote kati ya hayo. Alitembea mpaka kwenye kona, akasimama.

"Dada," alisema, "niliishika lini?"

"Nini?"

"Roboti. Mimi sikumbuki. Labda niliishika nikiwa usingizini." Aliitazama mikono yake tena, kwa wasiwasi, akaisogeza mbali na mwili wake. "Nitalala nimeifunga."

Chiriku alikuwa amedhani kwamba amemtwika mdogo wake adhabu ya siku moja, gari la mjomba na kemeo la mama, mambo ya kupita. Kumbe mtoto alikuwa ameukubali uongo ule kuliko alivyojiamini mwenyewe. Haya ilimvaa mwili mzima, akajiona mdogo kuliko huyo aliyesimama mbele yake, na akatamani ardhi ipasuke pale kwenye kona immeze.

Akapiga magoti chini. "Hukuishika," alisema. "Hukuishika hata mara moja. Niliiharibu mimi. Nilikusingizia."

Bwana Mkubwa alikunja uso akifikiri. "Mimi sikushika?"

"Hukushika."

"Basi gari langu?"

"Twende tukalichukue."

Kurudi kwenye mlango ule kulikuwa kugumu kuliko kutoka. Kimya alikuwa bado sebuleni na mama yake. Chiriku alisema yote kwa mfululizo, kwa sababu alijua akisimama katikati hataendelea. Alisema kwamba hajawahi kupaka gari, kwamba anaosha brashi tu, kwamba rangi aliichukua bila ruhusa, na kwamba Bwana Mkubwa hakuigusa roboti. Alipomaliza alibaki akitazama kucha za miguu yake.

Mama yake Kimya alitikisa kichwa. "Umemfanya mtoto wa watu aje kutukabidhi gari lake," alisema kwa upole, na upole huo ulichoma kuliko makaripio.

Kimya alilichukua gari la bati, akamrudishia mwenyewe. Kisha akaingia chumbani.

Nyumbani ikawa ni kurudia yote tena mbele ya mama. Mama alisikiliza, mguu wake ukiwa umesimama juu ya kanyagio la cherehani. Chiriku alisubiri adhabu yake. Kwanza mama aliinuka, akamwendea Bwana Mkubwa, akachuchumaa mpaka nyuso zao zikalingana.

"Mwanangu, nilikuadhibu bure," alisema. "Nilikuuliza kama umenawa, sikukuuliza kama umeharibu. Nisamehe mama yako."

Chiriku hakuwahi kumwona mama yake akimwomba mtoto msamaha. Kuona hivyo, na kujua kwamba ni yeye aliyemfikisha hapo, kulimtoa machozi ambayo Jumatatu wala Alhamisi hayakumtoka.

"Na wewe," mama alisema akimgeukia, "chukua roboti hiyo, uende kwa mjomba wako. Habari za kopo umwambie mwenyewe. Mimi siendi kukusemea."

Mjomba alikuwa akifunga makopo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono, akaipokea roboti. Hakuonekana kushangaa.

"Hii ingeweza kukaa mwaka mzima bila kukauka," alisema. "Plastiki laini ina mafuta ndani yake. Ukiipaka rangi ya mafuta, yanagombana. Ungeweka tone moja chini ya unyayo Jumatatu, Jumanne ungejua, na leo tusingekuwa hapa. Nilikwambia mara ngapi?"

"Nyingi, mjomba."

"Na kopo langu, ungeniomba ningekunyima?"

"Hapana, mjomba."

"Haya. Nitakuonyesha, lakini mkono wangu hautaigusa." Akamsogezea chupa ya spiriti, matambara na mswaki mkuukuu. "Thina usiitumie, itaiyeyusha. Sugua taratibu."

Chiriku alisugua jioni ile mpaka vidole vikamwuma, akaendelea Jumamosi tangu alfajiri. Rangi ilitoka kidogo kidogo, bluu iliyochanganyika na poda, vumbi na nyuzi. Ilipofika saa tano asubuhi roboti ilikuwa imebaki na ule uwaridi wake wa zamani, ila sasa haikuwa na uso kabisa, na kwenye maungio ya mikono bluu ilikuwa bado imejificha. Saa tano na nusu honi ya lori ililia mtaani.

Hakuna aliyemlazimisha kwenda. Alikwenda. Baba yake Kimya alikuwa amekaa mbele ya nyumba, bado ana vumbi la safari, binti yake ameegemea bega lake. Chiriku aliamkia, akaitoa roboti kwa mikono miwili.

Dereva aliipokea, akaigeuza. "Amekuwaje huyu? Anaonekana ametoka hospitali leo." Kisha akamtazama Chiriku. "Wewe ndiye yule fundi niliyekuwa nikisimuliwa kwenye simu?"

"Si fundi," Chiriku alisema, na uso ukamshuka. "Mimi ndiye niliyeiharibu. Kimya alitaka uikute mpya, nami nilimdanganya kwamba naweza. Naomba msamaha. Nikikubaliwa, nitaitengeneza upya."

Dereva alimgeukia binti yake. "Roboti ni yako. Unasemaje?"

Kimya aliinua kichwa kutoka begani mwa baba yake. "Aitengeneze," alisema. "Lakini safari hii nitakaa hapohapo nikimtazama."

Neno hilo lilimwingia Chiriku mpaka ndani. Siku tano zilizopita Kimya alimkabidhi roboti ikiwa kwenye taulo, akaenda zake bila wasiwasi wowote. Sasa angekaa amtazame, na alikuwa na haki.

Basi wiki iliyofuata, kila alasiri, walikaa wawili kwenye benchi la karakana. Waliiosha roboti kwa sabuni, wakaianika. Chiriku aliipiga kwa msasa laini, kila kona, hata katikati ya vidole. Mjomba alitoa rangi ya maji inayofaa plastiki, na Chiriku akaweka tone moja chini ya unyayo wa kushoto, kisha akaketi juu ya mikono yake ili asifanye zaidi. Kesho yake waligusa tone. Lilikuwa kavu. Kimya akatikisa kichwa kukubali, wakaanza. Walipaka rangi nyembamba, wakangoja, wakapaka nyingine, wakangoja tena. Mstari mweupe Kimya aliuchora mwenyewe, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umetulia zaidi, na Chiriku alikiri hivyo bila kuulizwa. Mama alishona turubai dogo kutokana na kipande cha kitambaa kigumu, likafungwa mgongoni kwa uzi mweusi. Kwa kazi ile ya kungojangoja walianza kuzungumza tena, mwanzoni habari za rangi tu, halafu na mengine.

Jumamosi roboti ilikuwa tayari. Dereva alikuja kuiona, mama akaja na Bwana Mkubwa, na mjomba akaisimamisha juu ya boneti ya gari lililokuwa likisubiri zamu yake. Taa mbili za rangi ya machungwa zilikaa mabegani sawasawa na za lori. Dereva aliizunguka mara mbili, akasema imebakia kupewa leseni tu, watu wakacheka.

Bwana Mkubwa peke yake hakusogea. Alisimama kando ya mama yake, mikono ameificha nyuma ya mgongo.

"Njoo uione," Chiriku alimwita.

"Naiona," alijibu. "Mimi sigusi."

Kicheko kikaisha. Chiriku alihisi haya ile ya kwenye kona ikimrudia, na mjomba alimwona.

"Hapo ndipo ilipobaki kazi yako, mpwa wangu," mjomba alisema taratibu. "Plastiki umeisugua siku mbili, imerudi. Lakini huyu, mwezi uliopita alikuwa akishika kila kitu kwenye karakana hii, hata nikawa naficha brashi. Leo anaficha mikono. Wewe ulisema sentensi moja tu, tena fupi. Kukosea sisi sote tunakosea, mimi nimeharibu milango ya magari ya watu zaidi ya unavyoweza kuhesabu. Ila ukikosea, liseme siku hiyohiyo, likiwa bado dogo na bado lako. Ukimbandika mtu mwingine kosa lako, hilo halina spiriti ya kulitoa. Utasugua muda mrefu sana."

"Nitasugua, mjomba," Chiriku alisema.

Akaichukua roboti, akamwendea mdogo wake, akachuchumaa kama mama alivyochuchumaa. "Gusa," alisema.

"Itaharibika."

"Haitaharibika. Na ikiharibika nitasema ni mimi."

Bwana Mkubwa alimwangalia mama, akamwangalia Kimya. Kimya akamkubalia kwa kichwa. Mkono mmoja ukatoka nyuma ya mgongo polepole. Akaigusa roboti kifuani kwa ncha ya kidole, akakirudisha kidole upesi mbele ya macho yake, akakichunguza ndani na nje. Kilikuwa safi.

"Hainati," alisema.

Akagusa tena, kwa kiganja kizima. Kisha akaamuru kwamba apewe aishike kwa mikono miwili, na Kimya akampa.